Nimemshinda Mume Wangu kwa Gofu, Sasa Nyumba Imenuna

Mpendwa Bi Salha,

Nakuamkia kwa heshima, na naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana nimepata bahati kubwa na siwezi kuifurahia.

Mimi ni mke wa Katana, tunakaa Kisauni, nami nilikuwa nikifua nguo kwenye maghorofa ya Nyali mpaka wenyewe wakaanza kununua mashine, nikabaki nyumbani sina kazi. Mume wangu ni kedi wa miaka mingi, ndiye anayewabebea wachezaji wa gofu mifuko yao ya fimbo, na ni yeye mwenyewe aliyenishika mkono akanipeleka kwa mkubwa wa makedi na kumwambia, huyu ana nguvu na macho mazuri, mjaribu. Siku za mwanzo niliaibika sana, kivuli changu kilimwangukia mchezaji akanifokea, mpira mwingine ukaingia vichakani nisiuone, nikataka kuacha, lakini Katana alikuwa akinifundisha kila jioni kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba, namna ya kuufuata mpira kwa macho, namna ya kuijua fimbo kabla hujaombwa, hata kupiga akanifundisha, kwa fimbo kuukuu aliyopewa, akisema kedi hawezi kumsaidia mchezaji kama hajui mwenyewe fimbo inavyokaa mkononi.

Basi Bi Salha, klabu huwaachia makedi uwanja siku moja kwa mwaka washindane wenyewe, na mwaka huu nikaingia, mwanamke peke yangu, wengine wakacheka, wakaacha kucheka kadiri mashimo yalivyokwenda, mpaka tukafika shimo la mwisho mimi na mume wangu tuko sawa. Yeye mpira wake ukapita ukingoni mwa shimo. Wangu ulikuwa bado. Nikamtazama, na wallahi nilifikiria kukosa makusudi, kisha nikapiga vile vile alivyonifundisha, mpira ukaingia, watu wakanibeba juu juu.

Katana alinipa mkono mbele ya watu, lakini njiani akatangulia, akaniacha nyuma na kikombe nilichopewa. Wenzake wanamtania kwamba amemfunza mke na mke amempiga, mavyaa, mamake Katana, naye ananuna, anasema mke hapandi juu ya mumewe hadharani. Mshindi anapelekwa Nairobi kushindana na makedi wa klabu nyingine, na atakayeshinda huko atasomeshwa awe mwalimu wa mchezo. Katana ameniambia, "Safari hiyo ni yangu. Wewe umeanza juzi." Kikombe nimekifunika kanga chini ya kitanda. Nafikiria kusema naumwa ili aende yeye, kwa kuwa ndiye wa pili. Je, nifanye hivyo nipate amani?

Kache, Kisauni

JIBU LA BI SALHA

Mwanangu Kache, kwanza hongera. Umeandika barua yote hii bila kujipa hongera hata moja, basi pokea yangu.

Kujifanya mgonjwa usithubutu. Siku Katana atakapojua, na atajua, kitamuuma kuliko huo mpira uliopita ukingoni. Mwanamume anaweza kusahau kwamba alishindwa, lakini kuonewa huruma kwa siri hasahau.

Lakini nawe una kosa. Tangu siku ile, umemwambia asante? Umeficha kikombe kama umekiiba, naye amebaki na dhihaka za wenzake peke yake. Kitoe leo, kiweke mezani. Kisha mbele ya mavyaako na hao wenzake wenye midomo, sema aliyekufundisha ni nani. Baadaye mwombe akufuate Nairobi awe kedi wako, maana mkono wako anaujua kuliko mtu yeyote. Akikataa, usigombane, muage kwa heshima na uende. Mavyaa mwamkie, mhudumie, usibishane naye, ila safari usiiahirishe hata kwa siku moja.

Kwa vile safari ilikuwa karibu, majibu haya nilimsomea Kache kwa simu kabla ya kuyachapisha. Sasa amenipigia yeye. Alifanya yote niliyomwambia, na Katana alikataa. Asubuhi ya safari Kache akamkuta mumewe ameketi kibarazani, amekwisha kuoga na kuvaa, anazipangusa fimbo.

Kache ameshinda Nairobi, na mafunzo yake yanaanza karibuni. Lakini hilo alilitaja mwishoni, kama alikuwa amelisahau. Alichotaka nijue ni kwamba pale pa kuanzia, makedi wa klabu nyingine walipomwona mwanamume amembebea mkewe mfuko, walianza kunong'ona na kucheka. Katana akauweka mfuko chini, akainua mkono.

"Nyamazeni," akasema. "Mchezaji wangu anapiga."