Ndugu Yangu Anafukia Mikoko Ajenge, Nami Sijui Nimzuie au Nimwache

Bi Samiha mpendwa, shikamoo. Naomba uninasue, maana akili imenivurugika na kila ninayemuuliza ameshashika upande.

Mimi nakaa Junda, Kisauni, na marehemu baba alituachia shamba, juu minazi, chini lashuka mpaka kwenye mikoko, nami nimo katika kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko, na mwaka jana alikuja mtafiti, Carolyne, akatufundisha kwamba mti huvuta hewa ukaa, ile inayozidisha joto, lakini tope la chini ya mikoko ndilo linaloificha zaidi, tena ya miaka na miaka, na mtu akikata na kuchimba hewa ile hutoka, kwa hivyo uchafu wa hewa wa eneo letu si wa magari na viwanda tu, hata msitu au shamba likigeuzwa nyumba nalo lahesabiwa. Nikaelewa, nikawafundisha majirani kwa kinywa changu.

Sasa mdogo wangu, Mahir, anaishi chumba kimoja kule Changamwe na mkewe na watoto, malori yapita mlangoni, na kitinda mimba wake Hanan ana kifua, ameshalazwa hospitali, ndipo mama akamwambia njoo ujenge shambani, nami wallahi nikafurahi, akakata minazi nikanyamaza kwa kuwa ilikuwa imezeeka, kisha juzi nikasikia mashoka huko chini, kushuka nakuta mikoko imelala na lori lamwaga kifusi juu ya tope, nikasimama mbele yake nikamwambia dereva azime.

Mahir akaniuliza, "Dada, miti ni bora kuliko damu yako?"

Nikamwambia, "Kule juu pana nafasi tele."

"Juu ni nyumba yangu. Hapa ni vyumba vya kupangisha. Hawa watoto watakula nini?"

Mama akatoka, akasema, "Ruwaida, huyu mtoto akikosa pumzi, utampa tope avute?"

Nikamweleza habari za tope na hewa ukaa, akanipa mgongo. Lori liliondoka, ila Mahir asema litarudi Jumatatu. Mwenzangu kikundini, Gladys, aniuliza, "Ukiwanyamazia wenu, sisi tutamwambia nani aache?" na wengine wataka tukamshtaki, nami najiuliza, kipande hiki kidogo ndicho kitakachoharibu pwani nzima, na yale malori yanayomkohoza Hanan nani ameyasimamisha? Asubuhi naona Mahir ana haki, jioni naona ni mimi, na mama hanisemeshi. Nishike lipi?

Ruwaida, Kisauni

Bi Ruwaida, marahaba. Pole, mwanangu. Kununiwa na mama si jambo dogo. Lakini umechanganya mambo mawili na ndiyo maana huoni mbele.

Nyumba ya Mahir ni jambo moja. Mtoto mgonjwa atoke kwenye moshi, aje shambani, na hapo ulipofurahi ulifanya vyema. Kufukia mikoko ni jambo jingine. Mikoko si urithi wa baba yenu, ni msitu wa umma, na kuikata bila ruhusa ni kosa. Mbona hukumwambia mama hilo? Ulimsomea habari za hewa, yeye akasikia unamkataa mjukuu!

Na hilo la "kipande kidogo" liache. Kila anayefukia hapo ufuoni asema chake ni kidogo. Malori nayo yana lawama yake, nendeni mkapige kelele Changamwe, nitawaunga mkono. Lakini lori likizimwa, moshi wake wakoma. Tope likishachimbuliwa laendelea kutoa hewa yake, na wewe hutaishi miaka ya kuirudisha.

Basi usingoje Jumatatu. Nenda kwa Mahir peke yako, bila kikundi, bila mtafiti. Mwambie ajenge ghorofa pale juu, akae chini apangishe juu, nawe umsaidie kusimamia mafundi. Mpeleke ufuoni wakati wa maji ya bamvua ajionee bahari inafika wapi, kisha muulize mpangaji gani atakaa humo.

Akikataa, nenda mwenyewe kwa walinzi wa misitu, mchana, kwa jina lako. Usimtume Gladys. Mahir akasirike akijua ni dada yake aliyemzuia, na ni dada huyo huyo atakayemwekea Hanan kitanda nyumbani kwake mpaka nyumba ya juu iishe.