Daudi na Ngoma ya Nyoka

Nachingwea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu bado inakusumbua? Mvua zimeanza huko Kwihara? Sisi huku tu wazima, ila usingizi sina, na sababu ni barua yako.

Nilifurahi kuona umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimekufaa. Kisha nikafika pale unaposimulia, tena kwa kucheka, kwamba Daudi ameacha shule ya Jumapili anafuata bayeye, wale wacheza nyoka, na kwamba juzi alileta swila ndani ya kibuyu akamweka uvunguni mwa kitanda chako. Mama! Mtoto wa miaka kumi na moja! Nawe unasema, "Ni mume wangu huyu, nitamgombezaje?"

Utani wa bibi na mjukuu naujua. Mimi pia bibi aliniita mke mwenza, nikamchezea nilivyotaka. Lakini wewe na Baba mlikuwepo, na neno lenu halikuwa la utani. Daudi huko hana wa kumwambia hapana. Hilo hatukuliwaza serikali ilipotuhamishia huku tukakuachia mtoto.

Wiki iliyopita nililetewa hapa zahanati mtoto aliyeumwa na nyoka shambani. Gari la wilaya lilikuwa bovu. Alinifia mikononi. Tangu hapo nikifumba macho namwona Daudi.

Nimemwandikia kumkataza, hajibu. Tulipombatiza tuliahidi mbele ya Mungu kumlea katika njia yake. Ahadi ile ni yetu, sitakutwika wewe. Kwa hiyo anakuja kuishi nasi. Hapa atasali, atamwagilia bustani, na ataambiwa hapana hata akininunia mwezi mzima.

Baba Daudi amepata likizo, atashuka Tabora mwisho wa mwezi. Yeye ni mkweo. Hawezi kuvuka kizingiti chako wala kubishana nawe. Atasubiri kwa jirani. Mtoto utamtoa wewe.

Nisalimie kaka, na mama mkubwa akija kutoka Usinge. Fundi cherehani mwambie gauni limenikaa vizuri.

Najua unampenda, na najua nyumba itakuwa kimya. Nalia ninapoandika haya. Lakini siku hiyo akikimbilia nyuma yako akashika kanga yako, tafadhali Mama, usimfiche.

Ni mimi mwanao nikuheshimuye,
Raheli