Simu ya Spès ilisema "picha" tu

Jumatatu

Spès hatapewa nafasi nyingine ya mtihani wa kazi alioukosa. Ameniambia Désiré, fundi wa tovuti ya ofisi inayoajiri, leo pale mtaa wa Rohero.

Spès haoni, simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Tovuti ilitangaza kwamba mtihani umehamishiwa mtaa wa Mutakura, lakini tangazo lenyewe ni karatasi yenye muhuri, iliyopigwa picha na kubandikwa. Simu ikasema "picha", ikanyamaza. Akaenda mahali pa zamani, akakuta mlango umefungwa.

Nilimuuliza Désiré, kwa ajili ya makala yangu ya gazeti, kwa nini hakuandika maneno yenyewe.

"Bila kashe, ule muhuri, nani ataamini, mama? Watu watasema nimetunga."

"Ungeweka vyote viwili."

"Chef, mkubwa wetu, anataka karatasi yake tu. Mi natafuta mukate."

Hana ubaya, na ndiyo maana nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jioni nilimpigia Spès. "Apana kulia, dada," akanicheka. "We andika tu."

Sikuwa nalia. Naogopa makala itatoka nafasi ikiwa imeshakwenda.

Majina ya waliofaulu yanatoka Alhamisi. Kesho saa mbili asubuhi naingia na Spès kwa chef, tumwombe mtihani kabla majina hayajatoka.