Kikombe Nilichokikataa

Yame, Mei

Mdogo wangu Tokuji,

Kwa miaka kumi na moja nimekuficha jambo kuhusu chai yako, na sasa pumzi inaniishia.

Mwaka ule wa mashindano ya chai, uliifunika mimea yako kwa nyasi kavu siku ishirini kabla ya kuichuma, ili kivuli kiyatie majani utamu. Ukatuandalia sisi waamuzi kwa maji ya uvuguvugu, kama inavyostahili. Mimi, mwamuzi mkuu, nikasema, "Tokuji, hii ni chai au maji ya kuoshea sufuria?" Wenzangu wakacheka. Ukaenda kung'oa miti yote ya chai katika shamba la baba.

Wanafiki wale! Walionja utamu wa chai yako vizuri kabisa, lakini hakuna aliyethubutu kunipinga. Nimewachukia mpaka leo, na ninajichukia zaidi. Siku ile homa ilikuwa imeshaua ulimi wangu, sikuonja chochote.

Kaka yako,
Shigenobu