Kemia Inafundishwa Machi

Mbeya, 9 Februari 2024

Kaka Uwesu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na dukani kunaenda. Mimi mzima, ila baridi tu ya huku. Naandika kwa sababu kwenye simu tunanyamaza wote wawili mpaka salio linakwisha.

Tangu nirudi kutoka kumzika mama nahudhuria vipindi, nakula, nafua. Sijalia. Zamzam, mwenzangu wa chumbani, anasema hilo ndilo linalomtisha.

Nataka kuhamia Dar. Wewe uko peke yako nyumbani, na mimi niko peke yangu huku. Kuna chuo cha famasia hapo mjini, njia ya Magogoni. Naomba ukaniulizie wanataka nini kwa mwanafunzi anayehama kuingia mwaka wa tatu.

Mdogo wako,
Swaumu

Kariakoo, 21 Februari 2024

Mdogo wangu Swaumu,

Marahaba. Mimi sijambo. Viatu vinauzika. Asubuhi nafungua, jioni nafunga, katikati sijui kinachopita.

Nimeenda. Ofisi ya udahili nimemkuta Bi Hyasinta, akaniuliza, "Kemia ya Dawa amemaliza?" Nikamwambia atamaliza.

"Kaka, hapa hatuandiki atamaliza. Awe amefaulu, na matokeo tuwe nayo kabla ya saa kumi jioni, tarehe 30 Agosti. Anayeendelea kusoma hatumpokei."

Nakumbuka hiyo ndiyo uliyoiacha mwaka jana ukaja kumuuguza mama. Huko inafundishwa lini tena?

Chumba cha marehemu sijakifungua. Nakula kwa mama ntilie. Sijui hata anapika nini.

Kaka yako,
Uwesu

Mbeya, 4 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Huku mvua.

Kemia inafundishwa Machi mpaka Julai, mara moja tu kwa mwaka. Nimejiandikisha. Shida ni kwamba vipindi vyake vinagongana na vya Famakolojia, siwezi kusoma yote mawili. Mwalimu Benedict, mshauri wetu wa masomo, hakunificha. Huko Dar Famakolojia husomwa mwaka wa tatu, kwa hiyo nikihama sipotezi kitu. Nisipohama, hapa siruhusiwi kuingia mwaka wa tatu bila hiyo. Nitarudia mwaka mzima.

"Na matokeo ya Kemia hutoka mwishoni mwa Agosti," akasema. "Au baada ya hapo kidogo. Sitakuahidi."

Nimeiacha Famakolojia. Nilisaini kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake.

Mdogo wako,
Swaumu

Kariakoo, 29 Aprili 2024

Swaumu,

Marahaba mdogo wangu. Afya ipo. Vipi kifua chako na hiyo baridi?

Idi imepita. Mwinyimvua wa duka la jirani aliniletea pilau mchana, akanikuta nimelala na viatu miguuni. Sikukumbuka kama ni Idi.

Chumba nimekifungua, nikuandalie. Nimetoa chandarua, nikakaa kitandani, nikatoka. Meza ya kusomea nimeipata Mtaa wa Msimbazi, kuli ameipandisha ghorofa zote tatu huku akinilaani.

Soma tu. Lakini kama unahama kwa ajili yangu, fikiria tena.

Kaka yako,
Uwesu

Mbeya, 6 Septemba 2024

Kaka Uwesu,

Shikamoo. Nisamehe, ni miezi minne sijakujibu. Mitihani ilikwisha Julai, halafu nikawa nasubiri.

Matokeo yametoka juzi, tarehe nne. Nimepata B. Zamzam alinikumbatia akapiga kelele korido nzima. Mimi nilisubiri moyo ushtuke, haukushtuka. Tarehe ilishapita siku tano.

Sasa Dar sina na mwaka wa tatu sina. Mwalimu Benedict anasema naweza kuomba tena mwakani. Nimemwambia sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Usinipigie, tafadhali.

Swaumu

Kariakoo, 10 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikupigi, ila usome hadi mwisho.

Kuna jambo sikukuambia. Tarehe 30 Agosti nilifunga duka nikaenda chuoni kupanga foleni na fomu yako ya kuhama. Bi Hyasinta akauliza, "Matokeo yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yakija baada ya leo hayana kazi, kaka."

Nikataka kumweleza kwa nini Kemia uliiacha mara ya kwanza. Nilipofika kwenye neno mama nikashindwa kuendelea. Nililia pale dirishani, Swaumu, mtu mzima mimi, na foleni nyuma yangu. Alitoka, akanikalisha ndani, akanipa maji. Tarehe hakubadilisha. Aliniuliza tu, "Mama yenu aliitwa nani?"

Nikasema, Shamsa binti Abubakary. Tangu Januari sikuwa nimelitamka.

Sasa nisikilize. Rudia mwaka huko huko, umalize. Mimi nilikuwa nakungoja uje uijaze nyumba, na huo si mzigo wa kumtwika mwanafunzi. Duka nimemwachia Mwinyimvua. Ijumaa napanda basi la alfajiri, nitakaa huko wiki nzima. Uniombee pa kulala kwa mwalimu wako au popote.

Kaka yako,
Uwesu

Mbeya, 12 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Hii nakutumia kwa simu, barua ya kupeleka kwa basi haitakuwahi.

Bahasha yako nimeichukua leo stendi, nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye jina la mama nikaikunja barua. Nilikaa chini mlangoni pa ofisi ya mizigo, nikalia mpaka makondakta wakaanza kuulizana, "Huyu dada ameibiwa?" Mmoja akaninunulia chai. Niliinywa yote.

Mwalimu Benedict ana chumba cha uani, amesema karibu. Beba sweta, na soksi nzito. Kesho nitakuwa stendi kuanzia saa kumi.

Mdogo wako,
Swaumu