Mstari Usioruhusiwa Kushuka

Saa 8:10 mchana, ukumbini Tabora. Nestory, bosi wangu, aliwaonyesha wakulima wa Ziba mchoro wa mbolea na mavuno ya mahindi. Mstari ulikuwa mnyoofu kama rula.

Rafiki yangu Theodora, mstari huo niliukataa kwa maandishi mara mbili. Nilisema tuchague mlinganyo unaoweza kupinda, la sivyo makadirio yatakuwa mbali na shamba lenyewe. Nestory alijibu kwamba wafadhili hawaelewi vitu vilivyopinda.

Mama Nyamizi akanyoosha mkono. "Mwanangu, nikiweka mifuko kumi kwa ekari?"

Nestory akapiga hesabu kwenye simu. Kweli alipiga. "Magunia arobaini na nane, mama."

Arobaini na nane.

"Mwaka jana niliweka mitano, mahindi yakaungua. Nilivuna magunia mawili. Hayo mengine unayo wewe?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu vipeperushi elfu tatu vyenye mchoro huo vinachapwa leo, na watu watatia mbolea kwa kuvifuata.

Nestory akanifuata kwenye korido. "Haya, weka huo wako unaopinda. Ila usishuke."

Nikamwambia takwimu zenyewe zinashuka baada ya mfuko wa tatu.

"Wafadhili hawapendi kushuka."

Usishuke. Alisema hivyo hivyo.

Nikampa mchoro sahihi, unaoshuka. Aliupokea bila ubishi.

Saa 10:40 nakala ya kwanza imetoka kwa mchapaji. Mstari umepinda vizuri. Pale unapoanza kushuka pamewekwa nembo ya mradi, kubwa kama sahani.