Gudulia la Ndevu

Tanga, 9 Machi

Baba yangu Mdoe,

Shikamoo. Natumai hapo Misima mnaendelea vyema, na goti la mama limetulia. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila roho haina raha.

Uliponiuliza kazi yangu ni nini, ulicheka kusikia naosha vyungu. Ndiyo kazi yenyewe. Bwana Nicolaus na wenzake wanatafuta meli ya kwao Uholanzi iliyozama huku zamani sana. Wazamiaji wakileta vigae, naviloweka kwenye maji ya bomba mpaka chumvi itoke. Mzigua asiyejua hata kuogelea!

Mwaka jana kazi ilikwama. Hakikupatikana chombo cha kuthibitisha kwamba meli ile ni ya Waholanzi, tukaambiwa kambi itafungwa. Ndipo Bwana Nicolaus akatuonyesha picha ya gudulia la mabaharia wao, la kahawia, shingoni lina uso wa mzee mwenye ndevu. Nilishtuka. Lilikuwa sawasawa na gudulia letu la tambiko.

Mwezi uleule nikaja kwenye arobaini ya Bibi. Nilipoondoka, mkataka kuombea mvua, gudulia halipo. Ukamuuliza Shangazi Mwanaidi, maana ndiye pekee anayeruhusiwa kulishika, akapekua nyumba nzima asilione. Ukatamka mbele ya ukoo kwamba amelipoteza, asimwage tena togwa ya kuwatambikia wazee waliotangulia. Mvua ilipogoma, watu wakamnyooshea kidole hadi akahamia Magoma kwa binti yake Rukaya.

Baba, ni mimi niliyelichukua. Nililitumbukiza kwenye pipa la maji ya bahari siku tatu, nikadai limetoka kwa wazamiaji, wakanipigia makofi. Likawekwa kwenye kabati la kioo. Na kibaya zaidi, siku ile Shangazi alinisindikiza hadi kituoni, mfuko wangu kaubeba yeye kichwani. Aliniuliza mbona mzito, nikamwambia ni mahindi. Naona haya hata kuandika.

Leo asubuhi nimemweleza Bwana Nicolaus kila kitu. Kazi nimeipoteza, gudulia nimerudishiwa. Jumamosi nitasafiri nalo, lakini siji Misima. Nalipeleka Magoma, nimkabidhi Shangazi mwenyewe, nimpigie magoti. Niwie radhi kwa neno hili, baba: siku mtakapolihitaji, itakubidi uende wewe ukamwombe.

Msalimie mama, na majirani wote waliomsema Shangazi, wasomee barua hii.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Awadhi